Kona ya Kwa Mshihiri

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya kijana. "Shikamoo mzee. Wewe ndiye fundi mabango wa Ilala?" Nikamwambia marahaba, ndiye mimi, ila mabango siku hizi yanatoka kwenye mashine. Akasema hayo anayajua, lakini yeye anataka ya mkono. Kazi iko wapi?

"Kariakoo, Narung'ombe. Pale Kwa Mshiri."

"Kwa nani?"

"Kwa Mshiri, mzee. Kila mtu anapajua."

Nikakaa kimya, mpaka akadhani laini imekatika.

Kwenye kona ile nimeshika brashi mara sita tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Hii ingekuwa ya saba. Mtaa unaokatizana na Narung'ombe hapo sitautaja, kwa sababu nyumba ilikuwa ya urithi na warithi bado wanaitana mahakamani. Sitaki kesho niletewe samansi ya ushahidi.

Nianze na jina la mtaa wenyewe. Utotoni niliamini Narung'ombe alikuwa mchinjaji. Nilishakuwa na mjukuu ndipo niliposoma kwamba ni mahali huko Lindi, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana Julai 19, 1917. Nikaendelea kusoma majina ya mitaa ya jirani: Mahiwa nako ni vita, ya Oktoba mwaka huohuo. Tandamti ni kilima cha hukohuko karibu na Lindi, walikouana Agosti. Na Kariakoo yenyewe, hilo wengi wanalijua, ni Carrier Corps, wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Mwingereza, ambao kambi yao iliwekwa hapa baada ya mji kutekwa Septemba 1916. Kumbe miaka yote ile bibi alikuwa ananituma chumvi kwenye uwanja wa vita.

Nyumba ya kwenye kona ilikuwa ya Kiswahili, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati unaopita moja kwa moja kutoka barazani hadi uani. Kuta za fito na udongo, juu yake lipu, paa la bati lililoshika kutu. Bibi yangu mzaa mama alipanga chumba cha mwisho kushoto, karibu na uani, maana alipika vitumbua alfajiri na moshi ulikuwa haupiti vyumbani kwa watu. Uani kulikuwa na mwarobaini mmoja, choo cha shimo, na karo la kufulia lililokuwa chanzo cha ugomvi wote niliowahi kuusikia katika nyumba ile.

Chumba cha kwanza kulia kilikuwa na mlango wake wa nje, uliotobolewa kwenye kona ili mtu wa mtaa huu na wa mtaa ule wote waingie. Huko ndiko alikokaa Mshihiri.

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni, na leseni ilitundikwa juu mno kiasi kwamba hakuna aliyeisoma. Kwetu alikuwa Mshihiri tu, kama walivyoitwa wenzake wote waliotoka Shihiri na pwani ile ya Hadhramaut, huko Yemen. Alikuwa na kikoi, fulana nyeupe, na mzani wa shaba. Sukari aliifunga kwenye pembe ya gazeti kwa mikono miwili bila kuangalia. Mafuta ya taa aliyapima kwa kopo lenye mpini mrefu. Madeni aliyaandika kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari, kwa hiyo hakuna aliyejua jirani yake anadaiwa kiasi gani, na nadhani hiyo peke yake ilimpa heshima kuliko uaminifu wa mzani wake.

Mjomba wangu alikuwa mchora mabango. Kazi zake alizifanyia kwenye baraza ya nyumba ile, makopo ya rangi yamepangwa ukutani. Mara kwa mara alimwambia Mshihiri amwandikie jina juu ya mlango, bei ya ujirani. Mshihiri akajibu lilelile: "Ananisomea nani? Wote wananijua."

Kwa hiyo duka lile halikuwahi kuwa na bango. Hata siku moja.

Sitasimulia sana miaka ya foleni baada ya vita vya Kagera, kila mtu wa umri wangu anayo yake. Nitasema la 1983 tu, kipindi cha msako wa wahujumu uchumi. Watu waliingiwa na hofu, ukiwa na katoni mbili za kitu chochote hujui kama ni biashara au ni kesi. Wengine walitupa mali usiku. Usiku mmoja Mshihiri aligonga chumbani kwa bibi, amebeba kitu ndani ya gunia. Miche kumi na miwili ya sabuni. Akamwomba amtunzie mpaka hali itulie. Bibi akaisukuma uvunguni, akaifunika kwa kaniki, na mimi nililala juu ya ile harufu mwezi mzima. Duka lilipofunguliwa tena, bibi alirudisha miche kumi na mmoja. Mmoja tulikuwa tumeufulia. Mshihiri aliihesabu mbele yetu, akanyamaza, akampa bibi robo ya sukari kama shukrani. Bibi hakulala vizuri wiki nzima.

Mwaka uliofuata mjomba alinipa brashi mkononi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Fundi cherehani mmoja alikuwa amekodi sehemu ya baraza upande wa kushoto na akataka ukutani yaandikwe: FUNDI KAUNDA SUTI NA MASHATI. Mjomba alinifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki: unauvuta, unauachia, ukuta unabaki na alama nyembamba. Akanifundisha kuhesabu herufi na kuanzia katikati kwenda pembeni. Sikufuata. Nilianza kushoto kwa mbwembwe, nikaandika KAUDA SUTI. Nilipigwa kofi moja, kisha tukachomeka N ndogo juu, kati ya U na D, yenye mkia kama inateleza. Ile N ilikaa pale miaka ishirini na minne. Fundi mwenyewe hakudumu. Ruksa ilipoingia, mitumba ikamwagika barabarani, na nani tena ashone shati? Akabaki kupunguza suruali za Wazungu wanene.

Mshihiri alifariki 1987. Alizikwa Kisutu. Watoto wake walikuwa Jeddah, wakaja, wakauza mzani na makabati, wakaondoka.

Aliyechukua chumba alifungua studio ya kurekodi kaseti, na hapa ndipo kona ile ilipopata uhai ambao haujarudi tena. Spika mbili, moja inatazama Narung'ombe, moja inatazama mtaa wa pili. Unaleta kaseti yako tupu ya dakika sitini au tisini, unachagua kwenye orodha, unarudi jioni. Orodha niliiandika mimi ukutani: Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz, Maquis, na chini yake taarab za Unguja. Kichwa cha bango nilikiandika kwa nyekundu juu ya njano, herufi za kivuli, kila moja urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole: TUNAREKODI KASETI. Na jina la studio juu yake, jina zuri la Kiingereza ambalo mwenye studio alilinunulia hadi mhuri. Ijumaa jioni watu walijaa pale wamesimama tu, hawanunui kitu, wanasikiliza magitaa. Makuli walitua mizigo. Nimewahi kuona mkokoteni wa vitunguu umesimama katikati ya barabara mpaka wimbo ukaisha, na nyuma yake teksi inapiga honi bila kusikilizwa.

Ukimwuliza mtu kaseti yake amerekodia wapi, alijibu: "Kwa Mshihiri." Mwenye studio alikuwa akikasirika wazi. Amelipa pango, amelipa leseni, amenilipa mimi, na marehemu ndiye anayetajwa. Alifikia kuwatoza nyongeza waliolitaja jina hilo mbele yake, kwa utani, lakini pesa alizipokea kweli.

Baada yake ikaja maktaba ya video, mikanda ya Kihindi na ya karate. Bango lake nililichora kwenye ubao wa plaiwudi. Mwaka uliofuata, 1994, televisheni zikaanza huku Bara, na sijui kama yule bwana alimaliza hata mkataba. Alipohama alihama na ubao wake.

Kisha saluni ya kike. Mama mwenye saluni alitaka picha ya kichwa cha mwanamke aliyesukwa, upande wa Narung'ombe, palipokuwa na kaseti. Nikapaka nyeupe mikono miwili, ukuta ukang'aa. Sasa, mtu yeyote aliyefanya kazi hii atakwambia nyekundu haizikiki. Ukiipaka nyeupe juu bila kuipiga kwanza rangi ya alumini, itapanda tu, taratibu, kama jasho. Nilijua, lakini alumini ilikuwa ghali na yule mama alinibana bei. Nikachora uso, nywele, hereni. Sikuwahi kuwa hodari wa sura za watu, na jirani mmoja aliapa kwamba nimemchora fundi cherehani amevaa hereni. Miezi mitatu baadaye, kwenye shavu la yule mwanamke, ikajitokeza kwa rangi ya waridi: KASETI. Mama alinitafuta hadi Ilala. Nilirudia bure, mara hii na alumini, na ile kazi ndiyo naihesabu kuwa ya tano ingawa sikulipwa.

Ya sita ilikuwa ndogo, 2001: PIGA SIMU HAPA, na chini VOCHA ZIPO. Kibanda cha mbao, dada mmoja na simu moja na saa ya kuhesabia dakika. Mwaka huo nilikuwa na kazi hadi nakataa nyingine, kila kibanda Dar es Salaam kilitaka kuandikwa maneno yaleyale.

Halafu ikaja kampuni moja ya simu, sitaitaja. Waliongea na mwenye nyumba, walimlipa kitu. Asubuhi wakashuka vijana wanne na rola na ndoo kubwa. Hakuna uzi, hakuna chaki, hakuna kuhesabu herufi. Hadi adhuhuri nyumba nzima ilikuwa rangi moja, kuanzia msingi hadi chini ya bati, pamoja na mlango wa uani, pamoja na shina la mwarobaini, maana lilikuwa karibu na ukuta na hakuna aliyewaambia waache. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikiangalia kazi zangu za miaka kumi na saba zikizikwa na watu wanaopiga miluzi. Sikuulizwa. Kwa haki, kwa nini niulizwe? Ukuta haukuwa wangu. Lakini nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika. Kilichonipoza kidogo ni kwamba ile N ya Kaunda ilikuwa na rangi nene, ukisimama kwa ubavu jua likiwa linazama uliiona imevimba chini ya rangi yao.

Bibi alifariki 2004 akiwa bado mpangaji wa chumba kilekile. Miaka minne baadaye warithi wa nyumba walikubaliana na mfadhili. Utaratibu wenyewe Kariakoo unajulikana: ninyi mna kiwanja, yeye ana pesa, anajenga, anakusanya kodi kwa miaka mliyopatana, ninyi mnapata ghorofa zenu. Mnasaini. Kisha mnaanza kugombana.

Nilikwenda siku ya kubomoa. Haikuchukua asubuhi nzima. Nyumba za Kiswahili hazina ubishi, ukitoa bati na boriti, kuta zinakaa chini zenyewe kama mtu aliyechoka. Bati liliuzwa palepale, boriti za mikoko zikapata mteja kabla hazijafika chini. Nilimwomba kijana mmoja anikatie kipande cha lipu chenye ile N. Alijitahidi, maskini. Kikavunjika mkononi mwangu. Ndani yake udongo na vipande vya fito, basi.

Ghorofa lina sakafu nane. Chumba cha Mshihiri, nikipima kwa hatua, kimetoa frem tatu na nusu, na ile nusu nayo ina mpangaji, anauza miwani. Frem ya kona haipatikani bila kilemba. Kwa msiolijua neno: kilemba ni pesa unayotoa ili tu anayeondoka akuachie nafasi. Kodi ni jambo jingine, inaanza baada ya hapo. Kwa kilemba cha frem moja pale mtu angejenga nyumba nzima Chanika na akabaki na ya kuchimbia kisima. Chumba cha bibi kipo ndani ya stoo ya mabegi. Karo la uani, nadhani, lipo chini ya jenereta, na bado kuna ugomvi, safari hii wa nani analipia dizeli.

Sina chuki na maghorofa. Bibi aliamka miaka arobaini kwenda choo cha shimo gizani, sitajifanya kwamba hilo lilikuwa tamu. Lakini nikipita pale siku hizi naangalia nguzo kabla ya kuangalia bidhaa. Machi 29, 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jingine likaanguka hapahapa Kariakoo, na watu wakawa chini ya kifusi wanapiga simu kuomba maji. Serikali ikaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. La kwenye kona yetu bado limesimama. Kuna ufa mmoja kwenye ngazi, mwenye frem ya miwani ameutundikia kalenda.

Soko lenyewe, lile la miavuli alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Miezi michache baadaye machinga waliondolewa barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu utoto niliuona msingi wa kila jengo pale kwetu. Haikudumu.

Basi nikaenda. Kijana anatoka Makete, ana miaka kama ishirini na sita, anauza kava za simu, chaji na vioo kwa jumla. Wateja wake wengi ni wa Lubumbashi na Zambia, na wa mikoani wanaoagiza kupitia Instagram. Tatizo lake ni hili: mbele ya jengo kuna mabango ya flex zaidi ya ishirini, moja juu ya jingine, na taa za maandishi yanayokimbia. Lake halionekani. Mteja anapiga simu amesimama mita tano kutoka dukani anauliza upo wapi. Anamwelekeza, "Kwa Mshiri," naye anauliza mtu, na mtu anamwonyesha kona. Kona wanaijua, ila wakifika hawaoni palipoandikwa. Akafikiri: kitu cha mkono, cheupe na cheusi, kitaonekana kwa sababu kitakuwa tofauti.

"Kwani mzee," akaniuliza wakati nachanganya tapentaini, "Mshiri ilikuwa kampuni ya nini?"

Nikamwambia sabuni.

Nguzo yake ni ya marumaru, rangi haishiki. Tulipata ukanda wa lipu juu ya mlango, upana wa kiganja na nusu. Nilipiga uzi wa chaki, vijana wa frem za jirani wakatoa simu kupiga video, hawajawahi kuona. Nikahesabu herufi, nikaanza katikati. Kuli mmoja akanipigia kelele niondoe ngazi yangu barabarani, nikamwambia asubiri, akasubiri kama sekunde tatu.

Nilipomaliza kijana akarudi nyuma, akasoma kwa sauti. KWA MSHIHIRI. Uso ukabadilika. "Mzee, umezidisha. Mimi kwenye ukurasa wangu nimeandika Mshiri. Wateja wanatafuta Mshiri. Hiyo HI ya katikati itoe."

Nikamweleza Mshihiri ni nani, Shihiri ni wapi, leseni ilitundikwa urefu gani, daftari la Kiarabu. Alisikiliza kwa adabu. Alipomaliza kunisikiliza akasema sawa, lakini HI itoe. Tulikuwa tumepatana elfu ishirini na tano. Nikamwambia HI haitoki, ila akate elfu tano.

"Unajipunguzia mwenyewe?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kuna mche mmoja wa sabuni tunadaiwa pale.